Mwale Ulioelekezwa Jichoni

Oktoba 2020, ofisi nyingi duniani zikiwa bado zimefungwa kwa sababu ya korona, kampuni tano zilitoa tangazo la pamoja ambalo nje ya duru za wahandisi halikumshtua mtu. Walikuwamo STMicroelectronics, wenye viwanda vikubwa Italia na Ufaransa. Osram wa Ujerumani. Applied Materials wa California. Dispelix wa Finland. Na Mega1 wa Taiwan. Walisema wameunda umoja uitwao LaSAR Alliance, na kazi yake ni moja: kuisukuma mbele miwani ya uhalisia ulioongezwa inayochora picha kwa leza. Mtu akiivaa miwani ya aina hiyo, anaendelea kuiona barabara na watu waliopo mbele yake, na papo hapo anaona maandishi, ramani au mshale wa kumwonyesha njia.

Mara ya kwanza nililipitia tangazo hilo kama ninavyopitia habari zote za biashara, jicho moja likiwa kwenye simu. Kilichonirudisha ni orodha ya majina. Kati ya hao watano hakuna hata mmoja aliyekuwa anauza miwani. Huyu anatengeneza vioo vidogo vya silikoni vinavyotikisika, yule daiodi za leza, mwingine bamba la kioo la kuufikisha mwanga mbele ya jicho, mwingine anaviunganisha viwe kitu kimoja, na wa mwisho anaunda mashine za viwandani za kutengenezea vitu vya namna hiyo. Wenye vipuri walikuwa wanaungana, mwenye kifaa hayupo. Kwa kawaida mambo huenda kinyume chake: kampuni kubwa yenye kifaa huwaita wenye vipuri, huwapanga foleni na kuwabana bei.

Jibu halikuwa kwenye tangazo. Ilibidi kuifuata njia iliyowafikisha hapo, na njia yenyewe ni ndefu kuliko nilivyotegemea. Inapita Dayton, Boston, Seattle, San Jose, Tokushima na Kitchener, na kandokando yake kuna kampuni zilizochoka zikaachia njiani.

Inaanzia kambini. Dayton, Ohio, ndiko ndugu wawili wa ukoo wa Wright walikoundia ndege yao ya kwanza kwenye karakana ya baiskeli, na ndiko iliko kambi ya jeshi la anga la Marekani ya Wright-Patterson. Mwaka 1966 alianza kazi hapo mhandisi kijana, Thomas Furness. Tatizo alilokabidhiwa lilikuwa la kibinadamu zaidi ya kuwa la mitambo. Ndege za kivita zilikuwa zimejazwa vipimo, taa na swichi kiasi kwamba rubani aliyekuwa akikimbizwa na kombora alipaswa kuinamisha kichwa kusoma saa. Furness alitaka habari zimfuate rubani anakoangalia. Akaanza kuzipachika kwenye kofia.

Hakuwa peke yake kwenye fikra hiyo. Mwaka 1968, kwenye mkutano wa kompyuta uliofanyika San Francisco, Ivan Sutherland alieleza kifaa chake cha kuvaliwa kichwani kilichomwonyesha mvaaji maumbo ya mistari yaliyochorwa na kompyuta, yakielea ndani ya chumba. Kilikuwa kizito mpaka kikaning'inizwa kwenye dari. Kofia ya Furness ya mwaka 1982 nayo ilikuwa kubwa, waliokuja kuiona wakaifananisha na ile ya Darth Vader kwenye sinema. Sababu ya uzito ilikuwa ileile kwa wote wawili: picha ilitoka kwenye mabomba ya vioo kama yale ya televisheni, madogo lakini bado mabomba, yenye umeme wa volti nyingi sentimita chache kutoka kwenye fuvu la mtu.

Hapa lazima nisimame kidogo kwenye bomba lenyewe, kwa sababu kila kitu kinachofuata kimejengwa juu ya kanuni yake. Waliowahi kuwa na televisheni ya chogo walikaa nayo sebuleni miaka mingi bila kuiona kazi yake. Ndani ya lile chogo la nyuma mwale wa elektroni ulikuwa unapita juu ya kioo mstari kwa mstari, kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini. Kwa mfumo tulioutumia huku, mistari ilikuwa 625, na picha kamili 25 kwa sekunde. Piga hesabu utapata mistari 15,625 kila sekunde. Wakati wowote ule kulikuwa na nukta moja tu inayopigwa na mwale. Picha nzima, mtangazaji na tai yake, ilikuwa ukaidi wa jicho lisilowahi kuiona nukta ikihama. Wazanzibari walianza kuangalia televisheni ya rangi kwa njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, kama miaka ishirini kabla Tanzania Bara haijapata kituo chake cha kwanza, jambo ambalo Mzanzibari yeyote wa umri fulani atakukumbusha bila kuombwa.

Sasa, ikiwa kinachochora picha ni nukta moja inayokimbia, kioo cha nini? Nukta ingeweza kukimbilia moja kwa moja nyuma ya jicho, kwenye retina. Swali hili halikuulizwa na mtu mmoja. Boston, mwaka 1980, Robert Webb na wenzake walichapisha maelezo ya kifaa cha kuchunguzia macho kilichopitisha mwale wa leza juu ya retina ya mgonjwa, nukta kwa nukta, kisha kikapima mwanga uliorudi na kuujenga kuwa picha ya televisheni. Daktari aliweza kuiona retina kwa mwanga hafifu ambao mgonjwa aliuvumilia. Lakini kuna jambo la pembeni: ukiuzima na kuuwasha mwale huo kwa mpangilio, mgonjwa naye anaona kitu. Mwale unaosoma jicho unaweza pia kuliandikia. Japani, mwaka 1986, Kazuo Yoshinaka wa Nippon Electric aliweka jina lake kwenye hataza ya kifaa cha kuonyesha picha kwa kuipitisha moja kwa moja kwenye retina.

Furness aliondoka jeshini mwaka 1989, akahamia Seattle, akaanzisha maabara kwenye Chuo Kikuu cha Washington. Mji ulikuwa umechaguliwa vizuri. Boeing walikuwa hapo hapo, na ndani ya Boeing watafiti Tom Caudell na David Mizell walikuwa wanahangaika na mafundi waliotandika nyaya za ndege kwa kufuata mbao kubwa zilizochorwa njia za nyaya, kila ndege na ubao wake. Walitaka fundi avae kitu kichwani kitakachomwonyesha njia ya waya juu ya ubao mtupu, na wao ndio waliolipa wazo hilo jina la uhalisia ulioongezwa ambalo dunia nzima inalitumia. Kwa hiyo katika miaka ileile na mji uleule kulikuwa na watu wenye kazi ya kufanywa na watu wenye mwale wa kuifanya.

Mwaka 1991 Joel Kollin, mhandisi kwenye maabara ya Furness, alijenga kifaa cha kwanza. Kilikaa juu ya meza na mtu alikisogelea akaweka jicho. Hataza yao ya Marekani, namba 5,467,104, iliombwa Oktoba 1992 na kutolewa Novemba 1995. Ndiyo karatasi niliyoitumia muda mrefu kuliko zote katika kuufuata uzi huu. Lugha ya hataza huchosha, lakini hii inasomeka. Inataja chanzo cha mwanga, kifaa cha kuupandisha na kuushusha ukali wa mwanga, kifaa cha kuukimbiza kushoto na kulia, juu na chini, kisha lenzi, kisha jicho. Hakuna kioo cha kuangalia. Wameliweka wazi hilo: picha haipo mahali popote mpaka ifike kwenye retina.

Kuna kipengele kingine humo ambacho wasomaji wengi hukiruka. Mwale ukiwa mwembamba, shimo unalopaswa kuingilia ni mboni, yenye upana wa milimita chache tu, nayo haitulii. Mtu akigeuza jicho kidogo, mwale unagonga pembeni na picha inatoweka. Furness na Kollin walipendekeza kifaa cha kulifuatilia jicho na kuuhamisha mwale mboni inakokwenda. Tuweke alama hapo, mwaka 1992, maana kampuni iliyokuja miaka 26 baadaye ilikwama palepale.

Watu huuliza kwanza kama leza jichoni haipofushi. Ni swali la haki, na mtoto anayechezea taa za leza anapaswa kunyang'anywa. Ila nguvu inayohitajika kuchora picha kwenye retina hupimwa kwa maikrowati, yaani sehemu moja ya milioni ya wati, na nukta haikai mahali pamoja. Hatari iko kwenye kuganda: kioo kinachoukimbiza mwale kikisimama ghafla, nguvu yote inatua sehemu moja. Ndiyo maana mitambo hii hujengwa ijizime yenyewe kabla ya jicho kupata habari.

Wakati wa majaribio ya Seattle lilijitokeza jambo ambalo halikuwa kwenye mpango wa jeshi wala wa Boeing. Mwale mwembamba hupita kwenye sehemu ndogo tu ya konea na ya lenzi ya jicho, kwa hiyo kasoro za sehemu zilizobaki haziuharibu. Mtu mwenye konea iliyopinda au yenye makovu, asiyesaidiwa vya kutosha na miwani ya kawaida, anaweza kuona herufi kwa uwazi. Daktari Erik Viirre na wenzake waliandika juu ya matumizi haya kwenye miaka ya 1990. Nitarudi kwao.

Mwaka 1993 ilianzishwa kampuni ya kuuza wazo hilo, Microvision, na hapo njia inaanza kupanda mlima. Kila kitu kilichokuwa juu ya meza sasa kilipaswa kuingia kwenye kitu cha kuvaliwa, na vitu viwili havikuwapo: kioo kidogo cha kuukimbiza mwale, na rangi.

Kioo kilikuwa na historia yake San Jose. Mwaka 1980 Kurt Petersen wa IBM alionyesha kioo kilichochongwa ndani ya kipande cha silikoni, upana wake kama milimita mbili, kikishikiliwa na vijiti viwili vyembamba vya silikoni hiyohiyo. Ukikipa umeme kinajipinda huku na huku, karibu mara 15,000 kwa sekunde. Linganisha na ile mistari 15,625 ya chogo. Petersen alikuwa ameshika mkononi kitu chenye kasi ya televisheni. Silikoni haichoki kama chuma, hujipinda mabilioni ya mara bila kupata ufa, na Petersen akaitetea hoja hiyo kwenye makala yake maarufu ya mwaka 1982, kwamba silikoni ni malighafi ya ufundi mitambo na haikuumbwa kwa ajili ya umeme peke yake. Lakini kipo kikwazo cha fizikia ambacho hakina ujanja. Kioo kikiwa kidogo kinakwenda kasi, ila nukta yake inatawanyika na picha inakuwa na ukungu. Kikiwa kikubwa nukta inakuwa kali, ila kinakuwa kizito na kinapunguza kasi. Kila aliyejenga miwani ya leza tangu hapo amekuwa akibishania milimita moja hii.

Rangi ilikuwa tatizo gumu zaidi. Daiodi ya leza nyekundu ilikuwa rahisi, ipo hadi kwenye mashine za kusomea bei madukani. Ndiyo maana bidhaa ya Microvision iliyoitwa Nomad, iliyofika mikononi mwa watu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilionyesha kila kitu kwa rangi nyekundu. Mwaka 2004 iliuzwa kwa mafundi wa magari, na Honda ya Marekani wakaijaribu kwenye gereji: fundi kainamia injini, mikono ina grisi, na maelekezo ya kitabu yanaonekana mbele ya jicho lake bila kugusa ukurasa. Wanajeshi wa Marekani wa magari ya kivita ya Stryker nao waliivaa. Ilifanya kazi. Haikuuzika kwa wingi, kwa sababu ilikuwa ghali, ilihitaji boksi la kufungwa kiunoni, na mtu alionekana kama amevaa chombo cha maabara, kwani ndivyo ilivyokuwa.

Rangi ya pili, bluu, ilitoka Tokushima, mkoa wa kisiwa cha Shikoku ambao Wajapani wengi huujua kwa ngoma zake za kiangazi. Pale, kwenye kampuni ya Nichia iliyokuwa inauza unga wa kung'arisha taa, Shuji Nakamura aliing'ang'ania malighafi iitwayo galiamu naitraidi wakati wenzake wengi walikuwa wameitupa. Mwaka 1993 akatoa daiodi ya bluu yenye mwanga mkali, na kufikia mwaka 1996 leza ya zambarau-bluu. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 2014 pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano. Kijani kikabaki katikati, yatima. Kukipata kwenye galiamu naitraidi lazima uongeze indiamu, na kadiri unavyoongeza ndivyo fuwele inavyojikunja na kujaa kasoro, mpaka mwanga unakufa ndani yake. Microvision walipotoa projekta yao ya mfukoni mwaka 2010, kijani chake kilitengenezwa kwa mzunguko: leza ya mwanga usioonekana inapitishwa kwenye fuwele inayoukata urefu wa wimbi lake nusu. Vipuri hivyo vilikuwa haba na ghali. Daiodi zinazotoa kijani moja kwa moja zilikuwa zimeanza kuonekana maabara mwaka 2009, kutoka Nichia, Osram na Sumitomo Electric, lakini kutoka maabara hadi dukani kuna miaka.

Hapa ndipo niliposhuku jibu la swali langu la mwanzo. Microvision walikuwa na hataza, wahandisi na miaka mingi ya kazi. Wakasimamishwa na kipuri ambacho wao hawakukitengeneza wala hawakuweza kukitengeneza. Ukiangalia waliofuata, hadithi ni hiyo, kipuri tu kinabadilika.

Mwaka 2015 Intel waliinunua Composyt Labs ya Lausanne, Uswisi, na Februari 2018 wakaonyesha miwani iliyoitwa Vaunt. Ilifanana na miwani ya kawaida kabisa, haina kamera, na leza nyekundu iliyo kwenye mkono wa miwani ilirusha picha kwenye utando wa hologramu ndani ya lenzi, utando ukaigeuzia jichoni. Wanahabari waliipenda. Miezi miwili baadaye Intel wakaifunga idara nzima. Hataza zao zikanunuliwa na North, kampuni ya Kitchener, mji wa Ontario nchini Kanada, iliyokuwa inajenga kitu cha aina hiyohiyo.

North ndio waliothubutu kuuza. Miwani yao, Focals, ilikuwa nzuri kuangalia, na bei ya kuanzia ilikuwa dola 999 kabla ya kuishusha hadi 599. Lakini kuipata ilibidi uende dukani, Brooklyn au Toronto, upimwe kichwa kwa kamera, kisha urudi baadaye ufungiwe na kurekebishiwa kama unapima suti. Sababu ni ile alama tuliyoiweka mwaka 1992. Mwale wao ulikuwa mwembamba, mboni ni ndogo, na miwani ikiteleza puani kidogo tu maandishi yanapotea. Huwezi kuuza kitu kwa mamilioni ikiwa kila pua inahitaji fundi. Juni 2020 Google wakainunua North, na tarehe 31 Julai mwaka huo Focals zote zilizouzwa zikaacha kufanya kazi. Wateja walirudishiwa fedha zao. Wakabaki na fremu.

Njia nyingine ya kulitatua tatizo la mboni ilikuwa tayari sokoni. Februari 2019, Barcelona, Microsoft walitangaza HoloLens 2, kifaa cha dola 3,500 kilichovaliwa kama taji. Ndani yake leza na vioo vya silikoni vilivyotokana na kazi ya Microvision viliurusha mwanga kwenye bamba jembamba la kioo. Ndani ya bamba mwanga unadunda huku na huku, na kwenye mikwaruzo midogo mno iliyopangwa juu yake sehemu ya mwanga inatoka kila unapogonga. Mwale mmoja unazaa nakala nyingi zilizotandazwa mbele ya jicho, na mboni ikienda popote inakuta nakala moja inaisubiri. Hakuna haja ya fundi wa pua.

Ila bamba lina masharti. Mikwaruzo yake hupangwa kwa ajili ya rangi mahususi, na daiodi ya leza ikipata joto rangi yake husogea kidogo. Nakala zisipolingana mwanga, uso mweupe unaonyesha michirizi ya upinde wa mvua, na wenye HoloLens 2 walilalamika sana juu ya hilo. Mwanga wa leza, kwa kuwa mawimbi yake huenda kwa mpangilio mmoja, hujigonga wenyewe na kutia picha vidoa vya chengachenga. Saketi inayoiwasha na kuizima leza lazima ijue kioo kiko pembe ipi, la sivyo ncha za herufi zinachanganyika. Mtengeneza kioo akiongeza upana, mtengeneza bamba anabadilisha mlango wa kuingilia mwanga. Mtengeneza leza akihamisha rangi, mikwaruzo ya mwenzake imeharibika. Anayeunganisha ndiye anayelaumiwa.

Nikilirudia tangazo la Oktoba 2020 baada ya safari hiyo, orodha ya majina inajieleza. Focals zilikuwa zimezimwa miezi michache tu kabla. Hakukuwa na mteja mmoja mkubwa wa kuwapanga wenye vipuri, na hakuna aliyekuwa tayari kujenga kiwanda cha kioo chake bila kujua leza itakayokigonga itakuwa ya rangi ipi. Umoja wao uliwekwa chini ya IEEE-ISTO, chombo ambacho kazi yake ni kuwapa washindani meza ya kukaa pamoja bila kushitakiwa kwa kula njama ya bei. Vioo vya STMicroelectronics, leza za Osram, mabamba ya Dispelix, mkusanyiko wa Mega1, mashine za Applied Materials: ukivipanga hivyo unapata karibu mchoro wa hataza ya Furness na Kollin, isipokuwa kwamba kila sehemu sasa ina kampuni yake, ukiacha ile ya kulifuatilia jicho, ambayo bamba limeipunguzia kazi.

Kwa maoni yangu waliusoma ugonjwa sawasawa. Walichokosa ni muda. Sifa kuu ya leza ni kwamba pasipo picha inazimwa, kwa hiyo neno dogo juu ya giza haligharimu umeme wa skrini nzima, na hakuna utando wa kijivu unaoizingira picha. Lakini taa ndogo mno zinazowaka zenyewe, maikroledi, nazo zina sifa hiyo, hazina kioo cha kutikisika, na zilikuwa zinakuja mbio. Meta walipoonyesha miwani yao ya majaribio, Orion, Septemba 2024, walikuwa wamechagua maikroledi. Mwezi uliofuata Microsoft walithibitisha kwamba HoloLens 2 haitengenezwi tena. Toleo lake la jeshi, ambalo mwaka 2021 lilipewa mkataba unaoweza kufikia karibu dola bilioni 22 kwa miaka kumi, lilikuwa limewaumiza askari vichwa na kuwatia kichefuchefu kwenye majaribio, na mapema 2025 mradi ukakabidhiwa kwa kampuni ya Anduril. Microvision wenyewe wamegeukia magari: leza zao sasa zinapima umbali wa vitu barabarani.

Wanaofanya kazi ya leza hawajafunga. Vioo vinazidi kupungua, na wapo Wajerumani na Waaustria wanaojenga mashine ya picha inayokaa ndani ya mkono wa miwani bila kuutanua. Hoja yao ya udogo ni ya kweli. Bado hawajampata mtu wa kuagiza jozi milioni moja, na umoja wa wenye vipuri unaweza kukubaliana juu ya rangi ya kijani lakini hauwezi kujiagizia bidhaa.

Aliyepata mteja alikuwa nje ya barabara kuu. QD Laser, kampuni ya Kawasaki iliyotokana na Fujitsu na Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 2006, haikuhangaika na mishale ya njia wala ujumbe wa simu. Ilichukua kile ambacho Seattle walikiona kwenye miaka ya 1990 kwa wagonjwa wenye konea mbovu, ikaweka kamera ndogo mbele ya miwani na leza ndani yake. Januari 2020, miezi tisa kabla ya lile tangazo la kampuni tano, mamlaka za Japani ziliidhinisha miwani hiyo kuwa kifaa cha tiba kwa watu ambao upindaji wa konea zao hausahihishwi na lenzi ya kawaida. Haihitaji kuonekana ya kisasa wala kupendwa na vijana wa Brooklyn. Fundi wa kumfungia kila mvaaji, aliyewashinda North, hapa si tatizo, kwani mgonjwa wa macho anategemea kupimwa.